Musikate Madirisha ya Kambale

Mardi 17 juin

Nimeanza kuandika leo juu ya hasira. Myriam, mujukulu wangu, mwenye ninaishi naye hapa Forest, mu Bruxelles, aliniambia: "Nkambo, acha kupigia batu makelele mu tram. Andika mu kaye. Kaye haichoke." Bon. Masomo yangu yalifika troisième primaire tu, lakini bale balisoma mingi habajue kukasirika sawa mimi.

Hasira ni hii: banataka kukata madirisha ya Kambale.

Mercredi 18 juin

Jana niliandika hasira tu, sikueleza. Mwenye atasoma ajue.

Kambale ni treni. Mu myaka ya cinquante, mbele ya uhuru ya kwetu, bazungu ba hapa Belgique balitengeneza treni moja ya majaribio, ya kukimbia sana, gari mbili tu zenye kushikana. Ngozi ya aluminium, pua ya mviringo, hakuna pembe hata moja, upepo ikifika inateleza. Bao baliiita Comète. Siye tulipoiona inaingia mu gare ya Élisabethville, Lubumbashi ya leo, inangaa, haina magamba, na ile pua yake ya bapa, tukasema: eh, kambale huyu. Jina ikabakia. Mwishoni hata machiniste muzungu, mwenye kuiendesha, alikuwa anasema Kambale.

Baliileta Katanga juu ya kuijaribu mu joto. Na nani alichaguliwa kuwa boy wa mulango, na veste nyeupe na bifungo bya shaba? Mimi, Numbi. Mu bijana bote ba camp ya reli, mimi. Mulango nilifungua mimi, nilifunga mimi. Bila mimi mukubwa yeyote alikuwa anabakia inje na kofia yake.

Ilikuwa treni mubaya. Mi mwenyewe ninasema, na hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kusema. Magurudumu balizifunika na sketi ya aluminium, eti upepo isishike. Ile sketi ikajaa majani makavu, majani ikawaka moto. Fasi ya mizigo balisahau. Mutu wa kwetu anasafiri na mufuko ya bunga, sufuria na kuku, atabitia wapi? Juu ya mapaja, na kuku anamutazama mu macho mupaka mwisho wa safari. Reli zetu ni nyembamba kuliko za huku, basi baliibadirishia miguu, ikaanza kutembea sawa mulevi mwenye kuvaa biatu bya mutoto wake. Na madirisha! Kioo nene, bila komeo, bila mukono, haifunguke hata kidogo. Banasema: kuko mashini ya baridi. Ile mashini ilionja vumbi ya Katanga, ikakufa mu juma ya kwanza. Kutoka pale tulikuwa tunaiva ndani sawa mihogo yenye kufunikwa.

Kisha biangazi mbili bakairudisha huku na batelo ya bahari, na haya. Leo iko mu hangar kando ya reli, si mbali na ile fabrike ya magari yenye kufungwa. Kuko kikundi ya batu ba kupenda treni za zamani, bo njo banaitengeneza. Mukubwa wabo ni Madame Élodie, ingénieur, mutoto mudogo, hana hata quarante ans. Ananiita Monsieur Numbi, ananipatia kiti, ananiuliza bitu. Nilimufundisha mingi. Na jana, mbele ya macho yangu, akapita na chaki, akachora alama kwa kila dirisha: kata hapa, kata hapa, kata hapa.

Samedi 21 juin

Nimekataa kula.

Dimanche 22 juin

Nimekula. Sombe ya Myriam haikatalike. Hasira iko palepale.

Mardi 24 juin

Nilienda ku hangar. Tuliongea français, lakini ninaandika na luga yangu, kaye ni yangu.

"Monsieur Numbi," Élodie anasema, "mu mwezi wa tano tulifungia batu ndani kwa majaribio. Babili balizimia."

"Bazungu."

"Moja alikuwa Mukongomani. Monsieur Donatien, wa Likasi."

"Batu ba Likasi tangu zamani habawezi joto."

"Pompiers, batu ba kuzima moto, balisema: bila hewa, hakuna mutu ataingia. Mwezi wa tisa tunafungua milango kwa batu bote. Unataka baitazame kutoka inje tu?"

"Madame, mutoto wako akizaliwa na pua mubaya, unamukata pua?"

Akacheka. Mi sikucheka. Akasema kazi ya kukata itaanza mwezi wa saba, ouvrier, mutu wa ile kazi, amesha kupatikana. Akasema mu français na sauti ya pole, ile sauti banatumikisha kwa bazee na kwa mbwa: "Ile ilikuwa kosa ya treni, Monsieur Numbi. Tunarekebisha kosa."

Kosa! Nilirudia kwa miguu, tram sikutaka. Nilikuwa naweza kumupiga mutu.

Jeudi 26 juin

Kila asubui anakuyaka hapa Rigobert. Ni mutu wa Uvira, mu Kivu, kazi yake kusaidia bazee mu manyumba. Mi sihitaji musaada, anakuya tu juu ya zile soksi za kukaza, zenye kuhitaji mutu mwenye nguvu ya mukono. Kiswahili yake ni ya kupigwa pasi, inanichokesha. Na ananiita mzee, sawa vile tuko mu mukutano.

Nilimuambia mambo ya madirisha. Nilizani atanisimamia, angalau kwa adabu.

"Mzee, joto linaua," anasema, anavuta soksi. "Huyo mama ana haki."

"Kwenu Uvira mulikuwa na treni?"

"Hapana, mzee. Tulikuwa na ziwa."

"Basi wewe ongea habari ya samaki."

"Kwani Kambale si samaki?"

Na akacheka mwenyewe, na mukono yake ku mguu wangu! Batu ba Kivu! Mutu wa Kivu ukimupatia soksi anataka na kichwa.

Vendredi 27 juin

Joto inaanza. Redio inasema canicule, joto ya hatari. Hii si canicule, hii ni asubui ya Katanga.

Dimanche 29 juin

Kisha misa nilienda Chaussée de Wavre kwa Marie-Claire, mwenye kuuzisha ndagala na bunga ya muhogo na mikate. Alikuwa rafiki wa Mauwa, bibi yangu wa ndoa. Balianza kuuzisha pamoja tangu kwetu, bakakutana tena huku mu buzee. Mauwa amesha kufa myaka tano.

"Shemeji," Marie-Claire anasema, "unakonda juu ya nini?"

"Banakata madirisha ya Kambale."

Alikuwa anafunga ndagala mu mufuko. Akaacha. Hakuuliza "na kisha?" sawa bengine. Yeye alikuwako.

Alors, niandike, maana Myriam anajua nusu tu.

Treni zote za kwetu, ukifika mu gare, bamama banakuya na mabeseni ku kichwa: mayai, mihogo, samaki, karanga. Unafungua dirisha, unapatana bei, unatukana kidogo, unakula. Gare bila ile si gare. Sasa Kambale inafika gare ya Tenke, inasimama, bamama banakimbia, na madirisha haifunguke. Banabakia pale chini na mabeseni, banatutazama. Na siye ndani na njala, tunabatazama. Bazungu balifikiri bitu byote ya upepo na ya moto, ile habakufikiri hata dakika moja.

Kulikuwa fasi moja tu ya kupitisha kitu: mulango yangu. Na dakika zilikuwa chache. Basi bamama na basafiri bakaanza kupatana na mikono kupitia kioo, na mimi natimiza ku mulango. Kidole na kidole ya gumba mu duara: yai. Ngumi: muhogo. Kukata kifundo ya mukono na ukingo wa kiganja: nusu ya samaki. Mwenye kuleta ile luga alikuwa musichana moja mwembamba, na kitambaa ya manjano, alikuwa anasimama kila siku mbele ya dirisha ya mwisho, upande wa kushoto, kando ya kiti yangu. Treni ikichelewa, na ilichelewa kila siku, alikuwa ananitazama na kuvuta sikio yake. Umechelewa. Sawa mimi njo niliendesha! Na mimi ndani ninavuta yangu: pole, mama.

Miezi mingi. Nilimujua sura, meno, namna anakasirika. Sauti yake sikuijua. Ku mulango alikuwa anatuma dada yake mudogo.

Kisha siku moja Kambale ikakufa kabisa pale pale Tenke, ikalala. Nikashuka. Akanitazama kutoka chini mupaka juu, na neno ya kwanza nilisikia mu kinywa yake ilikuwa: "Kumbe uko na miguu! Nilizani uko kifua tu."

Foto yake ya ujana sina. Hakuna. Kila mara batoto bananiuliza, mama Mauwa alikuwa namna gani akiwa kijana, na mi nilikuwa najibu: nendeni mu hangar, mukae ku kiti yangu, mutazame mu ile kioo.

Na bo banataka kuitia bawaba.

Marie-Claire akanipatia mikate, akakataa nilipe. Akasema: "Shemeji, fanya makelele."

Lundi 30 juin

Nimetafuta funguo yangu ya carré, ile ya pembe ine ya kufunga milango ya treni. Niliikuta mu sanduku, chini ya kravati. Batu ba reli bote banajua: mutu anarudisha veste, anarudisha kofia. Funguo ya carré harudishe.

Mercredi 2 juillet

Jana sikuweza kuandika. Ninaandika leo, mu kitanda, na Myriam amesha kulia na kunitukana mara mbili kwa zamu.

Jana asubui Rigobert alivuta soksi, nikamuambia: leo tutembee. Akasema: "Mzee, redio inasema tusitoke." Nikasema: redio haina miguu. Nilivaa veste nyeusi, ya mazishi, na kravati. Akanitazama, akachukua chupa ya maji, akanifuata. Njo hapo nilipaswa kujua si mutu mujinga.

Ku hangar Élodie alikuwa na ouvrier, banapima. Nilimusalimu vizuri. Nikapanda mu Kambale, nikafika ku mulango yangu, nikaufunga, nikatia carré, nikapindua. Klak. Myaka karibu septante, na ilijibu klak, sawa jana! Bazungu balikosea bitu mingi, lakini ile serrure ya mulango balitengeneza vizuri.

Nilikaa ku kiti yangu. Nilitaka baone. Muzee wa quatre-vingt-cinq ans, na veste, na kravati, mu siku ya moto kuliko zote, madirisha ya kufungwa, anakaa tu. Kisha baseme tena kosa.

Mwanzo ilikuwa vizuri. Joto ikanishika sawa rafiki wa zamani. Élodie anapiga ku mulango, ninaona kinywa yake inafunguka, inafungika. Nikamupungia mukono. Ouvrier akaleta chuma, Élodie akamukataza, naona anaogopa kuharibu mulango. Muzuri. Ingénieur ni ingénieur.

Kisha hangar, yenye bati juu, ikaanza kuwaka kweli. Kravati ikakuwa muzito. Nikaanza kusikia mahali pa kifua kama kuku anakwarua. Nikajiambia: Numbi, Tenke ilikuwa hivi. Lakini Tenke nilikuwa kijana wa dix-huit ans.

Na hapo nikatazama mu kioo, na sikumuona musichana wa kitambaa ya manjano. Nilizani nitamuona. Niliona bibi muzee mu kiti ya magurudumu.

Hii sikutaka kuandika. Mwaka wa ile magonjwa ya corona, Mauwa alikuwa mu nyumba ya bazee, hapa hapa Bruxelles, na milango ilifungwa kwa batu bote, mu inchi yote. Bale batumishi balikuwa bazuri, banasukuma kiti yake mupaka ku dirisha ya chini, na mimi ninasimama inje mu majani, na mask. Telefone hakusikia, masikio ilikuwa imesha choka. Tukaongea na vidole. Yai. Muhogo. Nusu ya samaki. Anacheka. Mara moja tram ilikatwa njiani, nikafika saa imesha pita, banataka kumurudisha, akabakataza na mukono. Akanitazama. Akavuta sikio.

Juma yenye kufuata ile kiti habakuileta.

Donc mwanamuke yule nilimuona mwanzo mu kioo yenye haifunguke, na mwisho mu kioo yenye haifunguke, na katikati myaka soixante ya makelele mazuri. Na Madame anasema kosa!

Nilikuwa nalia, au ni jasho, sijue. Halafu nikaona Rigobert. Hakupiga mulango. Alikuwa amesimama palepale, ku dirisha ya mwisho, fasi ya Mauwa, na ile chupa. Ananionyesha chupa. Ananionyesha kifua yangu. Mimi natikisa kichwa. Akafikiri. Akainua mukono yake ya kushoto, na ya kuume akagonga kifundo, gonga, gonga. Alitaka nijipime mapigo ya damu, nilijua kisha. Lakini mi nilisoma mu luga ya Tenke.

Nikajiambia: Bwana, mi niko nakufa, na huyu mutu wa Uvira anataka nusu ya samaki.

Nilicheka. Nilicheka mupaka kuku wa kifua akaruka. Na nikicheka nikaona sura yake mu kioo, macho kubwa, jasho, anagonga kifundo na nguvu sasa, anazani nimepata wazimu, na hakuondoka. Nikasimama. Nikapindua carré. Mulango nilifungua mi mwenyewe. Iandikwe: hakuna mutu alivunja.

Kisha sijue. Ninajua tu nilikuwa ku mugongo ya Rigobert, na inje kulikuwa mwangaza mingi. Anakimbia, anasema: "Papa, usilale. Papa, nitukane kidogo. Papa!"

Papa, si mzee. Nilimutukana. Mugongo ya batu ba Uvira ni mupana, hiyo sikujua.

Vendredi 4 juillet

Mvua. Munganga anasema roho yangu inapiga sawa ya mutu wa soixante ans. Nilijua.

Lundi 7 juillet

Élodie alikuya hapa, na maua. Alikaa ku kiti ya Myriam, macho mekundu. Akanikasirikia, na ya kweli, sauti ya pole ameacha: "Ulikuwa unaweza kukufa mu treni yangu!" Nikamujibu: "Treni ya nani?" Tulipigiana makelele mupaka jirani akagonga ukuta. Nilimupenda kidogo.

Kisha nikamuambia habari ya Tenke na ya ile nyumba. Français yangu ilikatika njiani, Rigobert akatafsiri, na kwa ile Kiswahili yake ya pasi hakupoteza hata kitu kimoja. Élodie hakuandika, hakuchukua foto. Alitazama mikono yake. Akasema atauliza pompiers.

Jeudi 17 juillet

Hakuna habari. Rigobert ananipatia maji sawa ninakuwa ua.

Mardi 29 juillet

Jibu ya pompiers imefika. Banaruhusu dirisha moja ibakie ya kufungwa. Moja! Mu madirisha vingt-quatre! Élodie alinipigia telefone na furaha, sawa amenipatia nyumba. Nikamuambia: ukiiba ngombe vingt-quatre, unarudisha moja, batu bapige makofi?

Akangoya nimalize. Akauliza: "Ipi, Monsieur Numbi?"

Eh. Anajua ipi.

Mercredi 13 août

Balianza kukata. Nilienda. Nilikaa ku kiti mbele ya dirisha ya mwisho, na fimbo yangu juu ya magoti, kutoka asubui mupaka bakaenda nyumbani. Ouvrier mwenye meule, ile mashini ya kukata, jina yake Dady, mutoto wa Matonge, anasema: "Tonton, hatutaigusa." Nikasema: ninajua hamutaigusa, niko hapa.

Jeudi 14 août

Vilevile.

Dimanche 21 septembre

Milango ilifunguliwa kwa batu bote. Batu mingi, batoto, bazungu na bipikicha byabo bya kupiga foto, kikundi ya Batanzania na English yabo. Ku ukuta baliandika habari ya Kambale, na kosa zake zote: sketi, mizigo, miguu, mashini ya baridi. Nilisoma polepole na kidole. Byote ni kweli na nilikasirika kwa kila mustari. Chini kabisa baliandika namna bamama ba Tenke balifundisha treni kuongea na vidole. Jina ya Mauwa iko. Baliandika vizuri, na M mukubwa.

Marie-Claire alialikwa akuye na beseni, auzishe sawa zamani. Saa ya kufika ikapita. Batu bamesha jaa ndani, madirisha mapya ya kufunguka iko wazi, hewa inapita, hakuna mutu anazimia, hata wa Likasi. Nilivaa veste nyeupe, Myriam aliishona upya. Niko ku kiti yangu, nakunja sura.

Akatokea, Marie-Claire, beseni ku kichwa, quatre-vingts ans na anatembea sawa reli ni ya baba yake. Ku yale madirisha mengine bakaanza: "Mama, mikate!" "Mama, hapa!" Mikono inatoka, bei, kucheka, kutukana. Ilikuwa gare. Nakubali, ilikuwa gare kweli, na ile hatukuipata Tenke.

Lakini yeye alipita bote. Alikuya kusimama mbele ya dirisha ya mwisho. Ananitazama kupitia kioo. Nikavuta sikio.

Alicheka mupaka akashusha beseni. Nikafanya duara na kidole na gumba. Nikaonyesha mbili. Akachagua mayai mbili, akainua juu. Mi niko ndani na njala, yeye iko inje na mayai, na kioo katikati, nene, safi, bila komeo. Rigobert ananiambia ku sikio: "Papa, mulango uko wazi, niende kuchukua?"

Nikamuambia: ngoya kwanza.

Lundi 22 septembre

Rigobert amechelewa leo. Alipoingia nilivuta sikio.

Alishusha mufuko yake, akanitazama, akafanya duara na kidole na gumba, akaonyesha mbili. Kisha akaenda ku cuisine kuyapika.

Alitia chumvi mingi. Nitamuambia kesho.